MKATE WETU NA MUHOGO WETU: MASWALI TUNAYOULIZA KILA SIKU



Ndani ya shule kuko maswali mengi juu ya mkate kuliko juu ya algebra. Juu ya nini mkate wa jana ni mgumu kama tofali? Juu ya nini mkate wa duka ni mwepesi kama pamba, lakini mbele ya saa nne njaa imekwisha kurudi? Juu ya nini unga ya ngano inapanda bei kila wakati? Tena kuko swali kubwa kuliko yote: juu ya nini tunangojea unga inayotoka ng'ambo ya bahari, na mashamba ya muhogo yanatuzunguka pande zote?

Nitajibu kwanza yale maswali madogo, maana mtu asiyejua mkate unavyotengenezwa hawezi kusema neno la maana juu ya bei yake. Kisha nitasema mawazo yangu juu ya lile kubwa. Nayataja sasa hivi ili hakuna mtu aseme nimemficha: ninaona inafaa shule yetu ioke mkate wake yenyewe, na ndani ya kila kilo tano za unga, kilo moja iwe ya muhogo. Asiyekubali asome mpaka mwisho, halafu abishe.

MKATE UNATENGENEZWA NA NINI?

Vitu vine tu: unga ya ngano, maji, chumvi na chachu, ile wengine wanaita levire. Sukari, mafuta na maziwa ni nyongeza. Kipimo cha kukumbuka ni hiki: kwa kilo 1 ya unga, maji ya vuguvugu karibu gramu 600, ni kusema zaidi kidogo ya nusu litri, chumvi gramu 20 ao kupungua kidogo, na chachu kavu gramu 10, kama vijiko vidogo vitatu. Mwenye mezani apime. Asiye na mezani atumie kopo lile lile kila siku, maana anayebadilisha kopo kila mara hatajua juu ya nini mkate wa leo hauko sawa na wa jana.

JUU YA NINI UNAUMUKA?

Kwa sababu chachu ni kitu chenye uhai. Ni jamaa ya uyoga, lakini ndogo sana, haionekani kwa macho. Louis Pasteur wa Ufaransa ndiye aliyeonyesha jambo hili wazi katika miaka ya 1850. Chachu inakula sukari inayotoka ndani ya unga, inatoa hewa, ile ile tunayoitoa sisi tunapopumua. Hewa hiyo inataka kutoka, lakini ngano ina kitu kinachoitwa gluteni: ukikanda unga na maji, gluteni inavutika kama mpira na kuifunga hewa ndani. Ndiyo maana mkate una matundu. Mahindi, mchele na muhogo havina gluteni hata kidogo. Shika neno hili vizuri, litarudi mbele.

Makosa matatu tunayaona mara nyingi. La kwanza, maji ya moto sana. Maji yanayounguza kidole yanaua chachu, na chachu iliyokufa haifufuki. La pili, kumwaga chumvi juu ya chachu moja kwa moja, inaizimisha nguvu. Changanya chumvi na unga kwanza. La tatu, kungoja sana. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya vinasema ngoja saa mbili, lakini vimeandikwa kwa nyumba za baridi. Hapa Mpala, kando ya ziwa, saa moja mara nyingi inatosha. Ukiacha donge mchana mzima, linapanda, linaanguka, na mkate unakuwa mchungu.

Kuko mwenye kuuliza: mkate bila chachu ni mkate? Ndiyo. Chapati ni mkate bila chachu. Na sisi tunaosoma Biblia tunajua habari ya wale waliotoka Misri kwa haraka, hawakupata nafasi ya kungoja donge liumuke. Chachu inadai saa, na mwenye haraka anakula bapa.

NA FURU?

Furu ya matofali na udongo inatosha. Unawasha kuni ndani mpaka kuta zimeshika moto, unaondoa makala, unapangusa chini kwa kitambaa chenye maji, unaingiza mikate na kufunga mlango. Wenye mashine wanasema digri 220. Sisi tusio na mashine tunaweza kutupa unga kidogo chini ya furu: ikiungua mara moja na kuwa nyeusi, furu ni kali mno, ngoja, ikigeuka rangi ya kahawia polepole, ingiza. Mkate wa gramu 400 unahitaji karibu nusu saa. Ukiutoa, ugongeshe chini kwa kidole. Ukilia kama ngoma tupu, umeiva. Ukilia kama tope, urudishe.

Usiukate ukiwa moto sana. Ndani yake bado haujashikamana, utapata donge la kunata badala ya kipande. Ungoje upoe.

NAMNA GANI KUUWEKA?

Hapa kuko habari ambayo wengi hawaiamini. Mkate hauwi mgumu kwa kukauka tu. Hata ukifungwa vizuri unakuwa mgumu, kwa sababu wanga iliyolainika ndani ya moto inajipanga upya inapopoa. Na jambo hili linakwenda mbio zaidi ndani ya frigo kuliko juu ya meza! Basi, yule anayeona frigo ya tajiri na kuitamani kwa ajili ya mkate, asiitamani. Ukiurudisha mkate mgumu ndani ya moto kidogo, ukiunyunyizia maji, unalainika tena, lakini ule mara moja, maana hautakaa.

Adui wa pili ni ukungu. Ukiona ukungu wa kijani ao mweusi, usikate kipande kile tu na kula kingine. Mizizi ya ukungu inaingia ndani kuliko macho yanavyoona, na kuna aina zinazotoa sumu. Tupa mkate wote. Ni uchungu kutupa, ninajua. Basi tusinunue mingi kuliko tunayoweza kula.

Adui wa tatu hajulikani sana, lakini nchi za joto zinamjua: mkate unanuka kama tunda lililooza, na ukiuvunja ndani unavuta nyuzi kama utando wa buibui. Ni vijidudu vinavyokaa ndani ya unga na ndani ya vyombo vichafu, na moto wa furu hauwaui wote. Dawa yake ni kuosha meza na vyombo kwa siki, kutia siki kidogo ndani ya donge, na kuacha mikate ipoe vizuri mbele ya kuifunga. Mwenye kufunga mikate ya moto ndani ya mfuko wa plastiki anaita adui wawili kwa mara moja.

Pahali pazuri pa mkate ni kitambaa safi, ndani ya kikapu ao sanduku, mbali na unyevu na panya.

NA ZILE DAWA ZA KUFANYA MKATE KUVIMBA?

Kuko moja inayoitwa bromati ya potasiamu. Inatia mkate nguvu ya kuvimba sana na inapendeza macho. Lakini wataalamu waliijaribu kwa wanyama na kuona inaleta kansa. Uingereza iliikataza mwaka 1990, na India mwaka 2016. Kwa hiyo, mtu akikusifia mkate kwa ukubwa wake tu, uliza umetiwa nini. Pima mkate kwa mkono. Mkate mkubwa usio na uzito ni hewa umenunua.

SASA SWALI KUBWA: NGANO INATOKA WAPI?

Haitoki hapa. Ngano inapenda usiku wa baridi. Ziwa letu liko karibu metre 770 juu ya bahari, na joto ni joto. Huko Lubero, Kivu ya Kaskazini, wakulima wanalima ngano kidogo juu ya milima. Zamani, karne ya 19, Waarabu wa Tabora walilima ngano kidogo kwa chakula chao wenyewe. Lakini ngano ya kulisha miji yetu inatoka ng'ambo, karibu yote.

Fikiri safari yake. Inapakiwa katika meli ya bahari, inashuka bandarini, inasagwa, inapanda gari ao treni, inafika ziwani, inapanda mashua. Reli ya Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na reli ya Kabalo ilifika Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, mwaka 1915. Tangu wakati ule ziwa letu lina milango miwili, wa mashariki na wa magharibi. Lakini kila mlango una mwenye kulipisha. Kila mkono unaogusa mfuko wa unga unataka chake, na toka Kalemie mpaka Mpala kuna safari nyingine tena juu ya maji, na mawimbi, na bei ya mafuta ya mota. Mwisho wa mikono yote hiyo ni mama anayehesabu faranga zake mbele ya duka.

Tena si safari tu. Mwezi wa 2 mwaka 2022 vita kubwa ilianza Ukraine. Urusi na Ukraine pamoja zilikuwa zinauza zaidi ya robo ya ngano yote inayouzwa kati ya mataifa. Ndani ya majuma machache bei ya ngano ikaruka dunia nzima. Hakuna mtu wa Mpala aliyepigana huko, hata Ukraine wengi wetu tuliitafuta kwanza ndani ya karta ya jeografia. Lakini anayekula mkate wa ngano analipa deni la vita asiyoijua. Hilo ndilo linaloniuma: chakula cha asubuhi cha mtoto wa huku kinaamuliwa na mizinga ya kule.

NA MUHOGO UKO HAPA

Kongo yetu ni moja ya nchi zinazolima muhogo mwingi kuliko zote duniani. Muhogo unavumilia jua, unavumilia udongo uliochoka, unakaa shambani ukimngoja mwenyewe. Mtu asiniambie kwamba nasifu muhogo kwa sababu ni wa wazee wetu na ngano ni ya wageni. Hapana. Muhogo naye ni mgeni. Ulitoka Amerika, Wareno wakauleta kwenye mwambao wa Kongo katika karne ya 16, nao ukatembea mpaka ukafika kwetu. Mahindi vilevile. Basi si habari ya uenyeji. Ni habari ya nini kinachoota hapa, mkulima wa hapa akapata faida, na nini kisichoota.

Nimesema tuchanganye. Sisemi tuache ngano. Bila gluteni mkate hauinuki, na mkate wa muhogo mtupu ni ugali uliookwa. Lakini ukitoa sehemu moja katika kumi na kutia muhogo, watu wengi hawatajua. Ukitoa moja katika tano, mkate unakuwa mzito kidogo, bado ni mkate mwema. Kwa kujaribu: unga ya ngano gramu 800, ya muhogo gramu 200, chumvi na chachu kama nilivyosema, maji polepole mpaka donge linaacha kunata, na mafuta ya ngazi vijiko viwili, inapata rangi nzuri ya manjano.

WENYE KUKATAA WANASEMA NINI?

Wa kwanza anasema: "Wengine wamejaribu, wakashindwa." Ni kweli. Nigeria, wakati wa Rais Olusegun Obasanjo (1999-2007), serikali iliagiza wasagaji watie muhogo sehemu 10 kwa mia ndani ya unga. Miaka ya 2011 na 2012 Rais Goodluck Jonathan akaanza tena kusifu mkate wa muhogo. Haikushika sana. Juu ya nini? Waoka mikate walisema unga nzuri ya muhogo haifiki ya kutosha, na haiko sawa kila mara. Basi kushindwa kwao kunatufundisha pa kuanzia: tusianze na amri, tuanze na unga. Nchi nzima ni kubwa, shule ni ndogo. Tunaweza kujua kila mfuko umetoka shamba gani.

Wa pili anasema: "Muhogo hauna nguvu." Naye ana haki. Unga ya ngano ina protini karibu gramu 10 ndani ya gramu 100. Ya muhogo haifiki 2. Kwa hiyo, makuta tutakayookoa kwa kupunguza ngano yasirudi mfukoni mwa mtu. Yanunue ndagala, maharagwe na karanga. Ikiwa faida ya mkate wa muhogo haionekani ndani ya sahani ya mwanafunzi, basi mimi wa kwanza nitasema tuuache.

Wa tatu anasema: "Tukinunua muhogo mwingi, bei ya ugali itapanda." Hili ni neno zito, na wanaolisema ni wale wanaokula ugali mara mbili kwa siku. Jibu langu: shule ilime. Tuna mikono, tuna saa za kazi ya mikono ambazo mara nyingi tunazimaliza kwa kukata majani tu. Shamba la shule lisilofungwa na soko halimpandishii mtu bei.

Wa nne hasemi kitu, anacheka tu. Ni yule anayeficha muhogo wake wa kuchemsha chini ya daftari asionekane, na kumnunulia rafiki mkate ili aonekane. Kwa huyu sina hesabu ya kumpa. Namwambia hivi: tumbo halisomi jina la chakula.

ONYO: MUHOGO SI WA KUCHEZEA

Hapa naomba usikivu wa kila mtu, hata wenye kupita kurasa haraka. Muhogo, na zaidi ule mchungu, una sumu ndani yake. Wazee wetu wanajua: wanauloweka siku tatu ao nne mpaka unalainika, ndipo wanauanika. Huko Kahemba, magharibi ya nchi yetu, watu waliofupisha siku za kuloweka, tena bila samaki wala maharagwe ya kutosha, wamepata ugonjwa unaoitwa konzo. Miguu inapooza mara moja na haiponi. Unawashika zaidi watoto na wamama. Daktari Trolli aliuandika tangu mwaka 1938, na mpaka siku zetu umeendelea kulemaza watu.

Unga ya kulowekwa ni nzuri kwa ugali, lakini mkate wake unanuka uchungu. Unga ya mkate inatengenezwa namna nyingine: chagua muhogo mtamu TU, uliochimbwa siku ile ile. Menya, osha, paruza, tia ndani ya mfuko safi, kandamiza chini ya mawe mazito mpaka maji yote yametoka, vunjavunja, tandaza kwa wembamba juu ya kitambaa safi kwenye jua kali la kiangazi, ikauke siku hiyo hiyo. Kisha twanga na chekecha. Muhogo mchungu usitumiwe kwa njia hii ya haraka hata siku moja. Na kama hatuna mtu wa kuhakikisha jambo hilo, wa kujua muhogo huu ni upi na ule ni upi, basi tusianze. Mkate rahisi usimlemaze mtoto.

MWISHO

Katika sala tunayoijua wote, watu wa makanisa mengine husema mkate. Biblia ya Union iliyotoka mwaka 1952 ilichagua neno riziki. Naona watafsiri wale walifikiri vizuri. Riziki ni kubwa kuliko ngano. Ni kile kinachomfikisha mtu jioni, hata kama kimetoka chini ya udongo, na ngozi yake ni ya kahawia, na hakikupanda meli.

Naomba basi mambo matatu. Walimu wa biolojia na kemia watuongoze kutengeneza kilo chache za unga ya muhogo kiangazi hiki, kwa uangalifu niliotaja. Wakubwa wa shule waruhusu mikate ishirini ya kujaribu: kumi ya ngano tupu, kumi ya kuchanganya, bila alama. Na sisi wanafunzi tuonje, tuandike karatasini ni upi tunaoupenda, halafu hesabu itangazwe hapa. Mkate wa muhogo ukishindwa, utakuwa umeshindwa mdomoni, si ndani ya kicheko.

Mwenye neno la kupinga aandike ndani ya namba inayofuata. Lakini aandike akiwa amekula.